Msogeza Mwezi

Jumamosi, 3 Mei
Wiki ya tatu ya ndoa. Mume wangu bado hunimenyea chungwa kabla hajamenya lake. Moyo hauna pa kukaa.

Leo nimepewa cheo. Baba mkwe, fundi saa mstaafu, ana mchezo wake wa mezani kila Jumamosi alasiri. Yeye husimulia, sisi ndio wasafiri, dadu huamua nani avuke na nani azame. Mimi nimekabidhiwa mwezi: duara la kadibodi lililoshikwa kwa pini. Wasafiri wakilala usiku mmoja, nalisogeza alama moja. Mwezi ukipevuka, lango la mlimani linafunguka na hadithi inaisha. Zimebaki alama tisa. Wifi, mwalimu wa hesabu, alikitaka cheo hicho. Akasema haya, tutaona kama bibi harusi anajua kuhesabu.

Jumapili, 4 Mei
Mume wangu amelia jikoni. Baba yake ana uvimbe kooni. Daktari anataka kumpasua, na sauti itakwenda na uvimbe. Baba amemjibu kwamba hapandi kitanda cha mtu mpaka amalize hadithi kwa mdomo wake.

Nimewaza. Hadithi isipoisha, hapasuliwi. Asipopasuliwa, sauti inabaki. Watu wamesomea udaktari miaka na miaka, hili hawakuliona.

Jumamosi, 10 Mei
Wasafiri wamelala mara nne. Nimesogeza mbili. Wifi alipoinama kuokota dadu, nikarudisha moja. Akauliza mbona mwezi ulikuwa umenenepa, sasa umekonda. Nikamwambia labda una mawazo. Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema mwacheni mkwe wangu, mwezi ni wake. Kisha akalitazama lile duara. Mtu aliyefungua saa za watu miaka arobaini. Sikuupenda ule mtazamo.

Jumamosi, 17 Mei
Sauti ya Baba imekuwa kama bawaba kavu. Anasimulia mbio mbio, anaruka vita, anaruka mto. Akawalaza wasafiri siku sita kwa mpigo. Nikasogeza mbili. Akauliza kama tumefika. Nikajibu bado sita. Akasema sita ni nyingi, mwanangu, lakini tutajitahidi wiki ijayo. Wifi akafungua daftari lake akadai lango liko wazi tangu usiku wa tisa. Mume wangu akamwambia aache wivu, mke wake hajui hata kudanganya. Nilijiona kama nimemeza pini.

Jumatano, 21 Mei
Uvimbe umeziba njia ya hewa. Baba amekimbizwa hospitali asubuhi. Mlangoni alinishika mkono akaanza kuniambia juu ya lango, kuna nini upande wa pili. Mume wangu akamsihi asiongee, atunze pumzi. Akaitunza.

Jumapili, 1 Juni
Baba amerudi na bandeji shingoni na ubao mdogo wa kuandikia. Sauti hana. Nimekiri yote. Wifi hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Mume wangu alitoka, akarudi jioni, akaniuliza tu kama nimekula. Baba aliandika mstari mmoja akanigeuzia ubao: "Nilijua. Nilidhani utachoka kabla yangu."

Jumamosi, 7 Juni
Baba ameamua kumaliza hadithi kwa maandishi. Duara sasa analishika Wifi. Nimeapishwa mbele ya wote kwamba sitaugusa tena mwezi. Wifi amesahihisha hesabu, na kwa ombi la Baba imeachwa alama moja tu, ya usiku wa mwisho.

Lakini muuguzi anayekuja kubadilisha bandeji aliniambia kando kwamba wazee wa namna hii huishi kwa kitu kimoja wanachokingojea. Nikamtazama Baba anavyoandika, macho yanawaka kama ya kijana. Kikiisha je?

Wifi akasogeza alama ya mwisho. Mwezi mpevu. Zamu ya kurusha dadu inayoamua hali ya hewa ya safari ilikuwa yangu. Ilisema anga safi, lakini kiganja changu kiliifunika kabla hawajaiona. Nikatangaza mawingu mazito, wiki nzima, na lango halifunguki pasipo mbalamwezi. Baba akaweka chaki chini, akafumba macho kama msafiri aliyeambiwa alale tena njiani.

Mwezi sikuugusa. Mawingu hakuna aliyeniapisha.