Blauzi ya Krimu Hemani kwa Akina Mama

Jamani, leo nimelowa. Na Kigoma haijanyesha.

Mnajua najitolea kwenye hema la wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Burundi. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye watoto wachanga wanyonyeshe. Leo tuliambiwa kuna wageni, basi nikavaa blauzi mpya ya krimu. (Kioo kilinisifia.) Mwanangu wa miezi minne nikamwacha mtaani Mwanga kwa mama mkwe, nikatoka mbio bila kumnyonyesha. (Hilo mlikumbuke.)

Nikamkuta Nadine, binti mdogo tu, na mtoto wake wa kwanza. Tangu washuke kwenye boti, anapata matone. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia, analia. Nadine naye analia.

"Dada, maziwa imekataa kuja. Unipatie ya kopo."

Roho iliniuma. Nesi alikuwa ameshampima mtoto, akasema tujaribu tena kwanza. Nikamweka vizuri, tumbo kwa tumbo na mama yake, huku nikiwahubiria wote hemani: "Toeni hofu! Maziwa yapo! Na maziwa si aibu!"

Mtoto akapiga yowe. Sauti ileile ya mwanangu!

Matiti yangu yakaitika. Yote mawili. Nikachora ramani kushoto na kulia. Nikanyakua bango la mafunzo, nikalikumbatia. Hapo hapo msimamizi wetu akaingia na wageni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Waoneshe wageni bango."

"Si hili hapa, mzee."

"Maandishi umeyageuzia kwako."

Nikaligeuza. (Ningefanyaje?) Bango limelowa, blauzi imelowa, wageni wanaangalia paa la hema.

"Yoo! Dada," akasema Nadine, "si umesema maziwa si aibu?"

Hema zima likaangua kicheko. Nadine alicheka mpaka mabega yakamshuka, yale aliyoyakaza tangu safarini. Kisha kilio cha mtoto kikakatika. Nikainama kuangalia: mtoto anameza! Anameza kwa pupa, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Nikalia mbele ya wageni, sikujali tena.

Nimerudi nyumbani na koti la mzee. Mama mkwe bado anauliza ni la nani.

Nadine nimemruhusu anicheke kila siku, mradi mtoto ananyonya. Ninyi wengine, komeni.