Mwimbaji wa Kaseti ya Kwaya

Mzee Bura aliapa kwa afya ya ng'ombe wake kwamba atakayosema ni kweli tupu. Wateja wa kahawa ya Fabiola, pale Endasak, wakajua leo chumvi inamwagwa gunia zima.

Chanzo kilikuwa tangazo la kanisani: kwaya ina jubilei, na aliyeongoza nyimbo kwenye kaseti yao ya zamani ajitokeze, atakaa meza kuu. Bura, karani mstaafu waliyembatiza Redio Mbao, akadai ndiye yeye. Kaseti anayo, na ameshaihamishia kwenye simu mwenyewe, nyumbani, bila fundi.

Klachi wa bodaboda akataka kujua ameihamishaje. Bura akaeleza alivyoukaza utepe kwa kalamu, akaweka simu mbele ya spika ya redio kaseti, akabonyeza kurekodi. Sauti yake ilipopanda, alisema, ng'ombe waliacha kutafuna na Mlima Hanang ukaitikia.

"Shikamoo yako naiheshimu, babu," alisema Klachi, "ila wewe hata Amina unaitikia wenzako wakishakaa."

Patriki, ambaye kijiwe kilimwita Hakimu, akakata shauri. "Icheze. Ikiwa ni wewe, tunakubeba mabegani mpaka meza kuu. Ikiwa si wewe, birika zima ni lako kulipa."

Bura akabonyeza. Ikatoka sauti nyororo, safi, mpaka Fabiola akasahau kumimina. Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Meza kuu alishaiona, na kitambaa chake cheupe, na kuku mzima mbele yake.

Ubeti wa pili ukaingia na jogoo wa nyumbani kwa Bura. Halafu mlango ukakwaruza, na juu ya wimbo ikasikika sauti ya Marieta, mkewe: "Baba Zita, huyu anayeimba vizuri hivi ni nani?"

Bura akafumbua macho. Kidole kikatafuta kitufe cha kuzima, kikaongeza sauti.

"Ni marehemu Hermani wa kule kijiji cha Daudi," alijibu Bura wa kwenye simu, kwa kujiamini. "Mimi walinifukuza siku ya kwanza ya mazoezi. Lakini huku Endasak nani atajua?"

Wimbo ukaendelea. Hakuna aliyeusikiliza.

"Simu za siku hizi," alisema Bura, "zinaongeza maneno."

Hakimu akasogeza kikombe chake mbele. Wengine wakasogeza vyao. Fabiola akatikisa birika.

"Limejaa, mzee."

Bura akaingiza mkono mfukoni, akalipa.

"Nirushie hiyo, babu," alisema Klachi. "Hasa pale mama anapouliza."