Nilivyopima Sheria ya Jalala kwa Miguu Yangu

Leo nimejivua nguo mbele ya kartie nzima, mtaa wetu wote, na hakuna aliyenisaidia kufungua hata kifungo kimoja. Nilifungua vyote mwenyewe.

Asubuhi tulikuwa na mkutano hapa kwetu Kasongo. Shefu wa kartie anatafuta kiwanja cha jalala, pahali pa kumwaga takataka za watu wote. Na kiwanja alichochagua? Chini ya dirisha la chumba changu cha kulala!

Mimi sikuogopa. Karatasi ya sheria iko mlangoni pa ofisi yake tangu juma lililopita: takataka zikae hatua mia tatu mbali na nyumba za watu na chemchemi ya maji. Wengine waliipita tu. Mimi niliisoma mara mbili, nikapima kwa miguu mara mbili. (Miguu yangu haidanganyi. Mdomo, tutaona.)

Nikasimama. "Shefu, kutoka kiwanja chako mpaka dirisha langu ni hatua mia na tisa. Sheria ni sheria! Haina mukubwa, haina mudogo!"

Makofi. Shefu akakuna kidevu. "Baba Feza, uko na haki. Tutatafuta pengine."

Ningekaa hapo, ningekuwa mshindi. Nani alinituma kuendelea?

"Tena twende chemchemini! Kila anayetupa takataka karibu na maji, tumujue leo!"

Tukashuka. Chemchemi yetu iko bondeni, na wanaoteka maji ni wanawake. Mimi sijafika kule miaka mingi. Nikaanzia majini kupanda mlima, nahesabu kwa sauti, kundi linaitikia kama kwaya. Thelathini na nane... thelathini na tisa... arobaini! Mguu ukazama mpaka goti. Maganda ya mihogo, majivu, samaki aliyekufa mara mbili.

"Mutu gani huyu hana haya?" nikapiga kelele. "Anatunywesha uchafu!"

Mama Sifa, jirani yangu, akachokoa kwa fimbo, akatoa gunia kuukuu. Sisi tunaotuma mchele Salamabila kwa pikipiki huandika jina kwenye gunia kwa rangi, lisipotee njiani. Herufi nyekundu, kubwa.

"Soma, baba. Si wewe unasomaka mara mbili?"

Nikasoma mara moja. Nikainua macho: juu yetu, ua wa nyuma wa nyumba yangu.

"Labda gunia liliibwa," nikasema.

Mke wangu alikuwa kwenye foleni na beseni lake. "Baba Feza, kila asubuhi unatupaka takataka juu ya ua. Nilikuambia inaangukia kwa maji. Ukasema, 'Ninyi wanawake munaogopa nzi.'"

Shefu hakucheka. Hilo ndilo liliniuma. "Sheria haina mukubwa. Ondoa yote leo, mwenyewe."

Dirisha langu limepona, hilo halina ubishi. Sasa niko bondeni na koleo. Mkipita, chekeni polepole: kutoka hapa mpaka foleni ya wanawake ni hatua arobaini, wanasikia kila kitu.