Jinsi Wilondja Mshonaji Alivyoitia Dohani Bitana ya Chuma

Sikilizeni, enyi mliovuka Ziwa na masufuria vichwani, enyi mnaoshona, mnaopika, mnaosali na kupanga foleni hapa kambini Dzaleka, nchini Malawi. Zimeni redio zinazotaja miji iliyotekwa na majenerali waliobadili kofia, mkae juu ya ndoo zenu zilizopinduliwa, nami niwasimulie vita vilivyopiganwa ndani ya dohani moja ya matofali, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tisa. Vita ambavyo hakualikwa mpatanishi wala hakukutiwa saini mkataba, na ambavyo niliviona kwa macho yangu, kwa kuwa ndimi niliyeshika kamba.

Alikuwako Wilondja wa Fizi, mshonaji mwana wa mshonaji, bwana wa cherehani ya miguu, aliyevaa utepe wa kupimia shingoni kama mfalme avaavyo mkufu. Mrefu kama mhogo ulioota kivulini, mpole wa moyo, ambaye maishani mwake aligombana na mtu mara moja tu, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kola. Mkewe alikuwa Orpa, mama wa Ketsia, malkia wa unga na hamira, aliyekuwa na tanuri lake Uvira hata siku ile ya mwaka wa tisini na sita bunduki zilipolia mjini, alipoliacha na mikate ndani, haijaiva, akakimbia. Miaka mitatu aliizungumza mikate ile kama mtu azungumzavyo jamaa waliobaki nyuma: labda kuna aliyeitoa, labda iliungua.

Basi katika Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza, palikuwa na jiko la kale lenye dohani nene, na humo wanawake saba wa kanisa, Orpa akiwatangulia, walijenga tanuri, wakaoka mikate ya sokoni na ya wagonjwa. Lakini dohani ile ilikuwa imekula chumvi nyingi. Udongo wa ndani ulibanduka, matofali yakapasuka, na moshi, badala ya kupanda mbinguni kama sadaka ya Abeli, ukapenya ukutani na kuingia chumba cha pili, ambamo Mathilde, mwalimu wa kutoka Bukavu, alifundisha watoto wadogo. Watoto wakakohoa alfabeti. Wakakohoa hesabu. Wakakohoa hata sala ya kufunga darasa. Siku ya Jumatatu akaja mkaguzi wa majengo, akasimama katikati ya wingu lile, akatoka akifuta macho, akatangaza hukumu: ikifika Jumamosi moshi ungali ukiingia darasani, tanuri litazimwa na dohani itazibwa kwa saruji. Wala hakuwa mtu mbaya. Hukumu yenyewe aliitoa huku akikohoa.

Orpa hakulia. Alirudi nyumbani, akapangusa unga mikononi, akaketi mbele ya mumewe.

"Papa Ketsia," akasema, "tanuri ya kwanza niliiacha juu ya bunduki. Hii ya pili, nikiiacha juu ya moshi, ya tatu sitajenga."

Neno hilo likamchoma Wilondja kuliko sindano zote zilizopata kumchoma. Akaondoka, akaenda jikoni, akamkuta Gélase, mwashi wa Bukavu, bingwa wa mwiko na timazi, msomi wa diploma, akiwahutubia wanawake kwamba dohani haina dawa ila kubomolewa na kujengwa upya, kazi ya mwezi mzima. Wilondja aliingiza kichwa tanurini, kisha mabega, akakaa humo akitazama juu hata watu wakaanza kuulizana kama yu hai. Alipotoka, uso wake mweusi kwa masizi, akaigonga dohani kwa kiganja, akanena mbele ya umati:

"Wandugu, koti ikipasuka ndani, fundi haitupi koti. Anatia bitana. Hii sheminé iko koti ya muzee: inje iko nguvu, ndani njo imeisha. Tuitie bitana ya chuma kutoka shingo mpaka miguu, moshi ipite ndani ya bitana, ukuta isiguswe. Mi siko fundi wa nyumba. Lakini bitana, njo kazi yangu."

Gélase akacheka kicheko cha Kifaransa, akauliza chuma chenyewe kitatoka wapi. Na swali hilo, kwa haki, lilikuwa swali zuri.

Jumanne kulipopambazuka shujaa akatwaa silaha zake, yaani utepe na sindano ya magunia, akaomba nafasi juu ya lori la mahindi, akashuka Kanengo, kule Lilongwe kwenye maghala ya tumbaku. Nyuma ya ghala moja palikuwa na rundo la mabomba ya chuma, yale ambayo wakulima hupitishia joto katika mabanda ya kukaushia tumbaku. Yamechakaa, yametupwa, nyasi zimeyapitia. Lakini lango lilikuwa na mlinzi, Bambo Kamwendo, yaani Bwana Kamwendo kwa lugha ya huko, mzee mpana asiyetoa hata msumari uliopinda. Wilondja akamwamkia kwa Chichewa chote alichokuwa nacho, yaani maneno sita, kisha akalisogelea bomba moja, akalipima kifua, akalipima urefu, akaandika. Bambo Kamwendo, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona bomba likipimwa suruali, alicheka hata ikambidi aketi. Na mtu aliyeketi hupatana upesi. Ghala lilikuwa na mlima wa magunia yaliyoraruka. Mshonaji ayashone, na mabomba ni yake.

Alishona Jumanne, akalala kwa binamu yake mtaani Chilinde, akashona Jumatano, gunia juu ya gunia, hata kidole gumba kikavimba kama kiazi na mlima ukawa tambarare. Bambo Kamwendo akakagua mshono, akauvuta kwa mikono miwili, haukukatika. "Zikomo, fundi," akasema, yaani asante, na akaongeza fungu la waya ambalo halikuwamo katika mapatano.

Alhamisi lori jingine likamshusha kwenye njia panda, na hapo mabomba yakafungwa juu ya kabaza, baiskeli ya abiria, naye akakimbia nyuma akiyashika. Kwenye mteremko upepo ukaingia mabombani, yakalia kama baragumu za Yeriko, kwa sauti iliyofika vibanda vya mwisho. Wazee waliozoea kukimbia wakanyakua mafurushi yao bila kuuliza. Kisha wakaona ni nini: mtu mrefu, mwenye utepe shingoni, akifukuzana na baiskeli inayopiga tarumbeta. Wakayaweka mafurushi chini. Wakacheka hata wengine wakalia, na nadhani si wote waliokuwa wakilia kwa kicheko.

Ijumaa ndiyo siku ya vita. Gélase, mwenye majivuno lakini asiye na kinyongo, akaja na ngazi yake, akisema amekuja kulitazama kosa kwa karibu. Yeye na mimi tukapanda juu. Wilondja akaingia chini, tanurini. Tukayaunganisha mabomba, tukayafunga kamba, tukayateremsha. Yaliingia kama mkono uingiavyo katika nguo, kimo cha mtu mzima, kisha yakagoma. Tukasukuma, tukavuta, tukatikisa. Masizi ya miaka yote ya uji wa wafungwa yakaanguka kwa mkupuo mmoja juu ya kichwa cha shujaa, na kutoka shimoni ikasikika chafya moja ndefu.

"Mushonaji," Gélase akanena kutoka juu, kwa sauti ya hakimu, "ulipima shingo, ulipima miguu. Kiuno ulisahau. Hii sheminé iko na kona katikati."

Ilikuwa kweli, na kwa mshonaji hakuna kweli ichomayo kama hiyo. Wilondja akaketi majivuni. Alikuwa amewavika wanaume elfu suruali, na leo mteja mmoja wa matofali alikuwa amemwaibisha mbele ya kanisa zima.

Orpa hakumlaumu. Aliinama kando yake, akaingiza mkono dohanini, akaupandisha mpaka begani ili aipapase ile kona, na kiwiko chake kikapinda. Wilondja akamtazama. Lile gauni alilishona yeye mwenyewe. Ule mkono wa gauni ulilala begani bila mkunjo kwa sababu aliukata mshazari. Akasimama ghafla, akagonga kichwa, akautoa utepe shingoni, akakipima kiwiko cha mkewe pale pale, mara mbili, hata Orpa akamnong'oneza kwamba watu wanatazama.

"Baache batazame," akasema. "Bitana tumeikata kama suruali. Hii inataka mukono ya gauni."

Akatwaa msumeno wa chuma, akalikata bomba la katikati mapande matatu ya mshazari, membamba upande mmoja, mapana upande wa pili, akayaunganisha kwa ribiti, misumari ya kubania bati, na kwa waya, na tazama, chuma kikapinda kama mtu anayesalimia. Gélase alishuka. Akalitazama bomba, akaligeuza, akalirudisha. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo diploma haikumfundisha, kwamba yeye atachanganya udongo na majivu ya kujazia pembeni, na kwamba shingo ya juu aachiwe yeye aizungushie saruji. Tukateremsha tena. Likafika konani, likasita, likapinda, likapita, likatua tanurini na kulia *kong*, na wanawake saba wakapiga vigelegele kana kwamba amezaliwa mtoto wa kiume.

Jumamosi mkaguzi akaja, akaketi darasani kwenye benchi la watoto, magoti yamegusa kidevu. Orpa akawasha moto. Moshi ukazunguka, ukasita, ukarudi jikoni moja kwa moja. Gélase akafumba macho. Lakini Orpa, aliyejua matanuri kabla yetu sote, akasema bomba lina baridi tu. Akasokota mfuko wa karatasi wa unga, akauwasha, akauingiza mdomoni mwa bomba. Chuma kikapata joto, kikavuta pumzi, na moshi ukageuka, ukapanda.

Upande wa pili Mathilde akawaambia watoto waanze. Wakaanza na A, na mkaguzi akawasikiliza akiwa amekaza shingo. Wakapita K, wakapita R, wakafika Z, wala hakuna aliyekohoa. Mkaguzi akaomba waseme tena kutoka mwanzo, kwa sababu, alisema, hajapata kuisikia yote. Kisha akasimama, akajinyoosha mgongo, akasema tanuri liendelee.

Basi wanakwaya wa kanisa wakambeba juu juu Wilondja wa Fizi, Mpima-Mabomba, Mvika-Dohani, Aliyeshinda Kona, wakamzungusha jiko mara tatu, na mimi nasema hivi, na mwenye kubisha abishe: mwaka ule katika nchi zote za Maziwa Makuu hakukupatikana ushindi mwingine usio na aliyeshindwa.

Walipomshusha, alimkuta Orpa amesimama nje, mikono kiunoni, uso juu. Moshi ulikuwa umetoka shingoni mwa dohani, mwembamba, mnyoofu, ukienda zake upande wa mji wa Dowa.

"Imepanda," akasema Orpa.

Wilondja akautazama naye, akiwa na masizi masikioni. "Imepanda," akasema. Wakasimama hapo mpaka mtu akapiga kelele kwamba mikate inaungua.