Taa ya Injini Haionekani Tena: Maneno ya Mkuu wa Usafiri Siku ya Kuzindua Karakana

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kituo chetu cha Afya; Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naona kiti chake kimewahi kufika kuliko yeye; Mganga Mfawidhi; Mkunga Mkuu pamoja na wakunga wote walio chini yake; mhasibu wetu, mtu asiyependa kusema sana, na leo namsihi aendelee hivyo hivyo; wagonjwa mliolazwa mnaonisikia kupitia madirishani, na ninyi ambao bado hamjalazwa; mke wangu mpenzi pale mstari wa mbele; shemeji yangu, kaka wa huyo huyo mke, ambaye ni Mratibu wa Ufundi kwa sifa zake mwenyewe; na wengine wote ambao nikiwataja mtachoka na nisipowataja mtanuna: nawasalimu kwa jina la Matengenezo. (Makofi machache. Kipaza sauti kinapiga yowe, kinatulia.)

Ndugu wananchi, kabla yangu, gari la wagonjwa la kituo hiki lilipohitaji matengenezo lilikuwa likipelekwa kwa fundi. Nasema kwa masikitiko makubwa: kwa fundi. Mtu mwenye gereji, mwenye vifaa, mwenye miaka kwenye kazi hiyo, eti ndiye tumkabidhi gari letu, kana kwamba sisi wengine mikono tumepewa ya kushikia vikombe tu. Nikakaa nikawaza, nikawazua, nikaibuka na Mkakati Jumuishi wa Kujitengenezea Wenyewe, unaolenga kapasiti bildingi ya watumishi, impakti chanya katika paiplaini nzima ya huduma, na kupunguza utegemezi wa mafundi kwa asilimia mia moja na ishirini. (Sauti kutoka nyuma: "Mia na ishirini?") Ndiyo, ndugu yangu, hizo ishirini ni za akiba. (Makofi.)

Utekelezaji ulianza Jumamosi iliyopita, pale nyuma ya chumba cha kufulia. Mimi na shemeji tulitandika shuka la wodini, tukaingia chini ya gari, tukafuata mafunzo ya kimataifa yaliyokuwa yakitolewa moja kwa moja na simu ya shemeji. Mwalimu wa kwenye video, bwana mmoja wa ovaroli safi kupita kiasi, akasema tulegeze nati iliyo chini ya injini, tukinge karai, oili chakavu imwagike. Tukalegeza. Ikamwagika, nyeusi tii, mpaka tone la mwisho, na shemeji akanipiga picha nikiwa nimeshika spana, picha ambayo mnaiona hapo kwenye bango ikiwa imekuzwa kuliko gari lenyewe. Nati ikarudishwa na kukazwa. Mwalimu akasimama, akafuta mikono, akasema, "Na sasa, jambo la muhimu kuliko yote." Na hapo bando likaisha. (Kicheko.)

Msicheke, hapo ndipo uongozi unapojipambanua. Kiongozi dhaifu angehangaika kutafuta bando jingine. Mimi, nikiwa bado nimelala chali, nilitamka kwamba Awamu ya Kwanza imekamilika kwa mafanikio makubwa, na kwamba lolote alilotaka kuongeza yule bwana litaingizwa kwenye Awamu ya Pili, ambayo itatazamwa kwenye bajeti ijayo. Shemeji aliafiki kabla sijamaliza sentensi, na ndiyo maana ni mratibu. (Makofi. Shemeji anainuka, anapunga mkono, anakaa.)

Sasa niizungumzie taa, maana najua mitaani inasemwa. Ni kweli kwamba Jumatatu gari lilipowashwa, kwenye dashibodi ilijitokeza taa nyekundu ya onyo la injini, yenye umbo la birika dogo linalodondosha tone. Niliunda Kamati ya Taa. Mjumbe mmoja alitafsiri kwamba gari linatukumbusha muda wa chai, kwa hiyo tuliahirisha kikao tukaenda kunywa, lakini tuliporudi taa ilikuwa bado inawaka na hoja hiyo ikafa kifo cha kawaida. Ndipo tukaenda kwenye kiini cha tatizo, nacho ni nidhamu. Gari ni mali ya idara. Mali ya idara ikiwa na malalamiko inayapitisha kwa dereva, dereva kwa mratibu, mratibu kwangu, nami nayawasilisha kwenye Bodi pindi nikiona yanafaa. Taa hii iliruka ngazi zote, ikawaka hadharani mbele ya wagonjwa. Kamati iliazimia kwa kauli moja ikatwe tepu nyeusi ya mafundi umeme, kipande cha ukubwa wa kucha, ibandikwe juu yake. Tangu siku hiyo, matukio ya taa kuonekana yameshuka kutoka kila mara hadi sifuri. (Makofi marefu kutoka meza kuu.)

(Mkunga Mkuu anapanda jukwaani, anamnong'oneza.) Sista, sema tu kwenye kipaza, programu yetu ina uwazi.

(Mkunga Mkuu: "Nina mzazi wodini, mtoto amelala vibaya. Anatakiwa hospitali kubwa sasa hivi. Naomba gari.")

Mnaona, ndugu zangu? Mahitaji tayari yapo, na huduma hata haijazinduliwa. Sista, gari ndilo lile pale, limefunikwa shuka na kuzungushiwa utepe. Kiutaratibu haliwezi kutumika kabla ya kuzinduliwa, na haliwezi kuzinduliwa kabla ya hotuba, na hotuba ina kurasa tisa, nami niko wa nne. Mwambie huyo mama avute pumzi na ajivunie kwamba atakuwa mnufaika wa kwanza. (Minong'ono. Mkunga Mkuu anashuka akikimbia.)

Ukurasa wa tano. Wapo wanaodai kwamba asubuhi gari lilipotoka getini kuja hapa uwanjani lilikuwa na mlio kama wa vijiko vinavyotikiswa ndani ya sufuria. Ndugu wananchi, hiyo ni sauti ya injini iliyopewa uhuru. Mimi mwenyewe nimeshuhudia likija, likatoa moshi kidogo wa furaha, likasimama lenyewe hapo hapo mbele ya jukwaa bila hata kukanyagwa breki. Ni magari mangapi duniani yanajua pa kusimama? (Kicheko, si cha meza kuu.) Na karakana hii tunayoizindua leo itakuwa na sehemu ya kunyanyulia magari, sehemu ya rangi, sehemu ya viongozi kupumzikia, na taasisi za jirani zitapanga foleni kuja kujifunza namna ya...

(Mkunga Mkuu amerudi. Hapandi jukwaani, anasema kutoka chini, na anasikika bila kipaza: "Baba, mzazi mwenyewe ni binti yako. Ameletwa na jirani yake. Amekupigia mpaka amechoka, simu umezima.")

(Mke wa Mkuu wa Usafiri anainuka. Kiti chake kinaanguka.)

Naam. Kwa, kwa mamlaka niliyopewa, naruka kurasa zilizobaki, natamka kwamba gari limezinduliwa. Shemeji, kata utepe. Mkasi achana nao, kata hata kwa meno. Washa. (Ufunguo unazungushwa. Unasikika mlio mmoja mkavu chini ya boneti, basi.) Washa tena. (Kimya.) Hebu bandua hiyo tepu tuone linalalamikia nini. (Shemeji anabandua. Taa nyekundu inawaka, kama ilivyokuwa ikiwaka wiki nzima.)

(Mke wake, akiwa amesimama kwenye mlango wa gari, anauliza taratibu: "Baba watoto, oili mpya mliweka?")

Mke wangu, hilo ni la Awamu ya Pili.

(Hakuna anayecheka. Mwenye viti vya kukodi anarudisha nyuma pikapu yake, watu wanashusha viti vilivyobaki juu yake na kuvirusha kwenye nyasi. Machela inatolewa wodini. Mke wa Mkuu wa Usafiri na Mkunga Mkuu wanapanda nyuma.)

Naomba utulivu, ndugu wananchi. Naomba nafasi hapo nyuma, mimi ni baba wa... Jamani, ningojeni. (Anashuka jukwaani na karatasi zake mkononi. Pikapu imekwisha toka getini. Anasimama pale kwenye vumbi. Mwenyekiti wa Bodi anamkumbusha kwamba karakana bado haijazinduliwa. Muziki unapigwa, unarudiwa, wageni wanakunywa soda zote. Mkuu wa Usafiri amewasha simu na haiondolei macho.)

(Anarudi kwenye kipaza.) Ndugu wananchi, nimepokea ujumbe kutoka kwa mke wangu, nausoma kama ulivyo: "Kapasuliwa salama. Mtoto wa kike. Wote wazima. Ukija, usije na kitu chochote ulichokitengeneza." (Makofi. Ndiyo ya kwanza leo yasiyoongozwa na mtu.)

Asanteni. Niliogopa, sitawaficha. (Anasafisha koo, anatafuta ukurasa.) Kwa hiyo, kitakwimu, programu yetu katika siku yake ya kwanza imeokoa maisha mawili kati ya mawili, sawa na asilimia mia, kupitia ubia wa kimkakati na sekta binafsi ya viti. Sasa kaulimbiu. Nikisema Matengenezo, mjibu Wenyewe. Matengenezo! ("Kwa fundi!") Nikisema Taa, mjibu Izibwe. Taa! ("Oili!") Naona hamasa ni kubwa, tuishie hapo.

Mwisho kabisa, shukrani. Namshukuru mwenye pikapu, na nawashukuru ninyi mlioshusha viti ili binti yangu apate nafasi. Namshukuru shemeji, ambaye simwoni. Na kwa namna ya pekee namshukuru mchora mabango, aliyekesha akituchorea mlango wa karakana pale kwenye ukuta wa uzio, pamoja na madirisha yake na hata yule fundi anayetabasamu ndani. Wageni mnaopanga foleni kuingia kuikagua, naomba msiusukume huo mlango. Rangi bado mbichi, na nyuma yake ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni jalala letu la siku zote.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna yeyote anayepita njia ya hospitali kubwa, tafadhali anipe lifti. Nitakaa popote.