Tope la Mzee Lyamba

Jumatatu, 21 Oktoba 1996
Choo cha gesti kimejaa tena. Mimi na kibarua mwenzangu Gervais tumekitapisha tangu asubuhi. Pua yangu imekufa, afadhali. Mzee Lyamba, mwenye gesti, analalamika: trekta la kupeleka tope kwenye shimo la shambani kwake Litapunga analilipia kwa safari, na kila mwaka ni safari sita. Anasema tunamsafirishia maji. Katugawia tope nusu kwa nusu. Ambaye lake litapungua zaidi kufikia Ijumaa, atapata likizo na tiketi ya treni ya Jumamosi. Tiketi yangu hiyo! Mwanangu Suzana ana miezi minane, sijawahi kumwona.

Jumanne, 22 Oktoba
Nimechungulia jikoni. Dada Vénérande, mpishi, anakamua muhogo uliosagwa: anautia guniani, anaweka jiwe moja juu, anauacha. Maji yanatoka yenyewe, tone, tone. Nimemuuliza mbona haongezi mawe. Kasema ukiubana kwa pupa unatoka wote.
Nikajaribu kwa tope. Jiwe moja: tone. Mawe manne: gunia limepasuka, ukuta mweupe wa Mzee una madoa. Ajabu! Nimelifinya kiganjani, bado uji. Maji yanajificha wapi mle ndani?
Gervais naye ana magunia, jiwe moja moja, na amekaa kivulini. Mvivu.

Jumatano, 23 Oktoba
Nimegundua! Majivu! Nimenyunyiza kopo moja, tope likashikana palepale. Nikaongeza. Likakauka zaidi. Nimezunguka mtaa wote wa Kashaulili na toroli nikiomba majivu kwa mama ntilie na wachoma nyama. Gervais kaniuliza, "We Msukuma, unazika nani?" Nikaendelea kusukuma toroli.

Alhamisi, 24 Oktoba
Fungu langu ni kavu kiasi cha kukalia. Nimelikalia. Ukiwa juu yake unaona mpaka stesheni! Nimenunua kigauni cha Suzana, cha njano.
Dada Vénérande kapita, kasimama. "Kaka Manyanda, mbona linakua?" Nimemwambia ni hewa.

Ijumaa, 25 Oktoba
Trekta limekuja. Tope la Gervais limetoka guniani kama mikate migumu: safari moja. Langu: tano.
Mzee kahesabu kwa vidole, mara mbili. Kasema jumla ni sita, kama kila mwaka, ila mwaka huu amelipia na majivu ya mji mzima.
Gervais hakucheka. Hilo ndilo limeniuma.

Jumamosi, 26 Oktoba
Treni imeondoka. Gervais kaenda kwa dada yake Tabora, na kigauni cha njano kakichukua ili akitume kwetu kwa basi. Kaahidi kitafika.
Mzee kasema nitajaribu tena choo kikijaa, mwakani. Suzana atakuwa anatembea.
Nimewaza mchana kutwa nimekosea wapi. Sasa najua. Majivu yalikuwa machache! Nimeanza kukusanya leo leo. Magunia matatu tayari, nyuma ya choo. Mzee kauliza ni ya nini. Nimemwambia asubiri, atafurahi mwenyewe.