King'ora cha Saa Nne Kambini

Leo nimejiaibisha mbele ya jeshi. Jeshi kamili, lenye bunduki.

Mnajua niko huku ng'ambo, leo siku ya nne, fundi wa mitambo kwenye kambi ya jeshi. (Mimi ni raia tu, lakini kitambulisho ninacho. Picha nimewatumia mara tatu na nitatuma tena.) Kutoka kiwanda cha majani chai karibu na Sotik hadi huku, kwa ndege! Ukoo wetu mzima hakuna mwingine aliyewahi kupanda ndege. Shida ni moja: niko kwa majaribio ya miezi mitatu, na ukichezea mambo ya usalama unarudishwa nyumbani. Mama alichinja mbuzi wawili nikiondoka. Ningerudi na uso gani?

Asubuhi nilikuwa nimetengeneza jenereta iliyowashinda mafundi wawili. Nikatembea kifua mbele. Saa nne kamili, king'ora kikalia.

Mliofanya kazi kiwandani mnajua. Kwa miaka kumi na moja, king'ora cha saa nne kwangu ni chai. Ukichelewa unapata masalio ya sufuria. Miguu haikuniuliza. Nikashika kikombe changu cha bati (ndiyo, nilikuja nacho kutoka nyumbani) nikakimbia kantini.

Njiani wanajeshi walikuwa wanakimbilia upande mwingine. Nikawahurumia. Hawa watakosa.

Kantini hakuna mtu kwa laini. Wa kwanza! Siku ya nne tu! Nikagonga kaunta.

"Wee Kiprono! Lala chini!"

Alikuwa Wanjiru wa kufua nguo hapa kambini, yule ambaye wazazi wake wana duka Sotik. Sauti ilitoka chini ya meza.

"Kwani chai imeisha?" nikamuuliza.

"Chai gani? Hii ni zoezi ya kushambuliwa! Lala, utafutwa kazi!"

Ndipo nikaangalia sakafuni. Watu kama thelathini, kifudifudi, wananitazama. Na mlangoni sajini mwenye daftari, anaandika.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Nasubiri chai, mkubwa." (Uongo ulikataa kuja.)

Nikaeleza yote: kiwanda, king'ora, miaka kumi na moja. Jasho linanitiririka, naona kazi ikienda. Kisha mmoja pale sakafuni akaangua kicheko, wote wakafuata, hata sajini akageukia ukuta mabega yakitingishika.

Sijafutwa! Sajini alisema mtu anayesema ukweli kikombe kikiwa mkononi anafundishika. Lakini kila kundi jipya likifika kambini, nitasimama mbele nieleze vile nilisikia hatari nikaenda kunywa chai. Kundi la kwanza linakuja kesho.

Kwa hivyo msicheke sana. Siku ya nne tu na tayari nafundisha jeshi, na hivyo ndivyo mtakavyomwambia mama.